Jumba la Shemeji Juu ya Maji

Cheka ukipenda, lakini nilikuwapo, nikaona kwa macho yangu haya, na pombe sijaigusa tangu nipate kipaimara.

Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakapanda hadi kwetu Maguu kugombea kahawa. Shemeji yangu, mume wa dada, akaonja pesa kidogo akajiona mfalme. Kwenye kalenda ya parokia akaona mji wa Ulaya ambao barabara yake kuu ni maji, na majumba ya mawe yamesimama humo na madirisha ya matao. Basi, akauza shamba la kahawa, lile lililomvunja dada mgongo, akashuka ziwani kujenga jumba la kwake. Mmatengo wa milimani, hata kuogelea hajui. Nani angemwambia kitu?

Saa sita mchana tulikwenda kukagua nguzo alizochimbia majini. Juu ya nguzo ya mwisho ameketi mzee. Jua linachoma, nguo zake zinachuruzika maji, wala hazikauki. Sura si ya kwetu, Kimatengo chake safi kabisa. Nikampa shikamoo yake. Shemeji akamtazama kama mdudu.

Mzee akatusimulia habari za mji ule wa kalenda: matajiri wake walivyozamisha misitu mizima topeni ili majumba yasimame, kila mmoja akiongeza ghorofa amkomoe jirani.

"Kila jumba lina mtu chini anayelishikilia," akasema. "Mimi nimeshika ya wenzako hadi nimechoka. Lako atashika nani?"

"Langu nitashika mwenyewe," akajibu yule mpumbavu. "Ondoka hapo."

"Haya," akasema mzee, akatelemka majini. Hakuibuka.

Upepo haukuwapo, wimbi halikuwapo. Lakini niamini, nguzo zilizama moja baada ya nyingine, wima, kama zinavutwa kutoka chini. Shemeji akainua mikono juu akipiga kelele kwamba anaelemewa. Hajaishusha hadi leo. Tumezunguka kwa waganga na madaktari, wapi.

Dada sasa ni kibarua katika shamba lililokuwa lake. Mchana anachuma kahawa ya watu, jioni analilisha uji lile jitu lenye mikono juu. Wanaomhurumia shemeji wapo. Mimi huruma yangu yote ni ya dada.

Nawe unayetaka jumba la kuringia watu, jenga. Ila kwanza mtazame vizuri mkeo, kwa maana ndiye atakayeshika kijiko.