Picha Aliyoshika Liz

Tangu Liz azame ziwani kule Sori, mama yake, Bhoke, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Migori, alitamani kumwona tena akiimba. Televisheni ya umma iliwahi kurekodi kwaya ya kanisa lao siku ya Pasaka kwa taarifa ya habari, Liz akiwa mbele. Aliposikia kwamba sheria inamruhusu mwananchi kuomba habari, Bhoke aliwaandikia watu wa televisheni barua kwa mkono wake, akaomba kipande hicho cha Liz tu.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza. Kaltum, jirani yake mwenye duka la vitambaa, alimsomea.

"Mama Liz, wanasema sera yao hairuhusu picha za dini kwenye taarifa ya habari. Mwimbaji wa mbele alikuwa ameshika picha ya Yesu, kwa hivyo wakamkata. Walichokata kilifutwa."

"Walikata Yesu ama mtoto wangu?"

"Wote wawili, dada."

Bhoke alikaa juu ya gunia. Picha ile ilitoka ukutani kwake. Siku hiyo Liz alikuwa ameishika kifuani, na ni yeye Bhoke aliyemwita kutoka kwenye benchi, "Inua juu, Yesu aonekane!"

Na Liz, mtoto msikivu, aliinua mpaka uso wake wote ukafichika.