Siku Shangazi Alipowasha Moto wa Sabato

Nikisikia ungo ukipepeta, chwa, chwa, chwa, mdomo wangu hujaa ladha ya vumbi la wimbi, ule ulezi wa uji. Juzi nilisimama sokoni Homa Bay, mama mmoja akipepeta nyuma ya kibanda, nikasahau kabisa nyanya nilizofuata. Nilimkumbuka Waya. Waya ni shangazi kwa Kijaluo, msije mkadhani nazungumzia wa kufungia ua, ingawa huyu wangu naye alikuwa mwembamba, na kumkunja haikuwa rahisi.

Mimi na mdogo wangu Awuor tulikaa naye nje kidogo ya Awendo, kando ya barabara ya malori ya miwa, kwa sababu Mama alikuwa akiuza samaki Homa Bay. Waya alikuwa Msabato wa kuzaliwa, lakini kijiji kizima kilimwita Myahudi. Miaka mingi alimpikia mzee mmoja wa Kiyahudi kule Nairobi, na walipatana kwa sababu wote wawili hawakuwasha moto Jumamosi. Mzee yule alisoma vitabu vya siri za dini yao, kisha akaja jikoni kumsimulia Waya wakichambua maharagwe. Waya alirudi nyumbani na sanduku moja la nguo na hadithi zile.

Alitusimulia hivi. Mungu alipoumba dunia alimimina nuru yake ndani ya vyombo. Vyombo vikashindwa kuibeba, vikapasuka, cheche zikatawanyika kila mahali na kila moja ikafunikwa na ganda lake. Sisi tuliowahi kuchapwa kwa kuvunja sahani moja tu tulitaka sana kujua nani alimchapa Mungu. Kazi ya binadamu, akasema, ni kuzitoa cheche hizo. Ukilima kwa moyo safi, ukifua, ukipepeta, kuna moja unaitoa kwenye ganda na kuirudisha kwa mwenyewe. Siku sita ni za kuchambua, ya saba ni ya kupumzika. Kwa hiyo Ijumaa kwetu ilikuwa vita: wimbi lipepetwe, uji upikwe, maji yatekwe, moto uzimwe, yote kabla jua halijatua na Sabato kuingia. "Haraka, haraka! Jua halina shangazi!"

Awuor alikuwa na miaka sita, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mvua ikinyesha, mifupa ilimuuma hadi akauma shuka. Nilimpenda yule mtoto kupita kiasi, hata jicho la samaki nilimwachia. Ijumaa moja, nikiokota mawe kwenye wimbi, nikamuuliza Waya, "Na hiyo uchungu ya Awuor, pia iko na cheche?"

Ungo ukasimama. "Kila ganda liko na cheche, nyathina," akasema, yaani mwanangu, kisha akaendelea kupepeta.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Waya alituacha nyumbani akaenda kanisani, karibu tu, nyimbo tulizisikia kitandani. "Akiumwa, kimbia uniite," aliniambia. "Hata kama pasta anaomba."

Awuor alianza kuumwa kabla hawajamaliza wimbo wa kwanza. Mimi, badala ya kukimbia, nilifunga dirisha. Nikaziba kwa blanketi mwanga uliopenya chini ya mlango, ili cheche zikitoka nizione vizuri. Awuor akalia, "Niitie Waya." Nikamshika mkono nikamwambia, "Vumilia kidogo, ziko karibu kutoka." Ole wangu! Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba nikimwita mtu mapema, uchungu wote ule ungepotea bure. Nyimbo tatu ziliimbwa mtoto akilia. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Waya mwenyewe ndiye aliyekuja kuchungulia.

"Kwani mnafanya nini kwa giza?"

"Nangoja cheche zitoke."

"Zitoke wapi?"

"Kwa Awuor."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile. Hakunipiga. Alifungua dirisha, akamgusa Awuor paji la uso, akaingia jikoni na gauni lake jeupe la kanisani, akapiga kiberiti. Jumamosi! Moshi ukapanda, na majirani waliochelewa ibada wakasimama barabarani. "Yawa! Leo Myahudi amewasha moto!" Waya hakugeuka. Alichemsha maji, akamkanda Awuor miguu kwa kitambaa cha moto, akamnywesha kikombe baada ya kikombe, akanituma niite bodaboda ya kwenda hospitali.

Kabla ya kupanda alichuchumaa mbele yangu, matope yakimpanda gauni. "Nisamehe, Atieno. Nilikufundisha vibaya. Kwa hiyo uchungu yake hakuna kitu. Hakuna! Cheche ilikuwa ni wewe ukimbie uniite." Machozi yalimtoka, na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuombwa radhi na mtu mzima, nilitamani afadhali angenichapa.

Awuor alilazwa siku nne, akarudi akidai soda. Leo ana duka la vitenge hapa Homa Bay, na kwa ugomvi hakuna anayemfikia.

Nilikuwa mama tayari, mwanangu wa kwanza mgongoni, Mama aliponieleza kwamba Waya, kabla ya kwenda Nairobi, alizaa watoto wawili. Wote walivimba mikono, wakalia mifupa, wakafa, na hakuna aliyejua ugonjwa wao unaitwaje. Hapo nikaelewa kwa nini ungo ulisimama siku ile nilipomuuliza. Lile jibu hakulitunga kwa ajili yangu. Lilikuwa lake, ndilo lililomwamsha kila asubuhi: kwamba vilio vya wale wawili vilitoa nuru mahali fulani. Na ndilo alilolitupa mbele yangu, matopeni, bodaboda ikinguruma. Alikubali kusema kwa kinywa chake kwamba wanawe waliumia bure, ili Awuor asiachwe tena aumie.