Jora la Bafta Chini ya Unga

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile aliyozikwa mjomba wangu, Mzee Maganga, hapa Tabora. Ndiyo siku niliyochekwa na waombolezaji. Kuchekwa harusini si ajabu. Kuchekwa msibani, mbele ya maiti wa kwenu, kunaweza kumfanya mtu ahame mji, nami kuhama nilikufikiria sana.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mtaa wetu ulikuwa na duka la ushirika, na mimi, kwa kuwa nilisoma hadi darasa la nane na mwandiko wangu ulisifiwa, wananchi walinichagua kuwa muuzaji. Bidhaa zilikuwa adimu. Ikisikika kwamba sukari imefika, watu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na kijana mimi nikawa nasalimiwa kwa unyenyekevu na watu wa makamo. Sukari yenyewe haikunilevya kama salamu zile.

Nilianza kidogo kidogo. Mama mmoja aliniletea kuku akaniomba nimwekee sukari, nikamwekea. Aliyefuata alileta asali. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, wakasema tena mkono mtupu haulambwi, na sidhani kama yuko mtu Unyamwezi nzima aliyezitumia methali hizo vibaya kuliko mimi. Mwishowe nikawa na maduka mawili ndani ya chumba kimoja. La mbele lilikuwa na chumvi na viberiti. La nyuma, chini ya magunia ya unga wa muhogo, ndilo lililokuwa na vitu. Mteja akiulizia sabuni, namjibu "Haijaja" kwa huzuni, hata wengine wakanionea huruma.

Kila mtu alijua. Bwana Biashara, afisa wa serikali aliyeletwa kukomesha magendo, naye alijua. Alikuja dukani mara tatu, akaona viberiti, akaandika, akaenda zake. Alitafuta shahidi asimpate. Nani angenishtaki? Nilikuwa mpwa wa huyu, mkwe mtarajiwa wa yule, na wote walitumaini kwamba kesho zamu yao ya nyuma itafika. Basi Bwana Biashara akaenda kwa Maalim Saidi, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, akamwambia kwamba serikali inayo sheria lakini haina macho mtaani, chama kimsaidie. Maalim akamjibu kwamba shahidi hana wa kumpa, ila mtani anaye. Haya niliyasikia baadaye. Bwana Biashara alikuwa mtu wa mbali, akaondoka akidhani amekataliwa kwa adabu.

Ninyi wa leo utani mnaujua kwa mpira wa miguu tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani, wakagombana nao njiani, kisha wakapatana. Mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kuchukua chochote, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Mtaani kwetu mtani alikuwa Bi Tatu, mkaanga vitumbua, Mzaramo ambaye babu yake alifika Tabora na msafara, akaona uvivu kurudi.

Mjomba alifariki asubuhi, na mazishi yakapangwa alasiri. Maalim Saidi akafungua sanduku la chama. Ndani mlikuwa na majembe, kamba na udi. Sanda haikuwamo, maana bafta, kitambaa cheupe cha sanda, ilikuwa haijaonekana mjini kwa miezi kadhaa. Wazee wakanigeukia mimi. Mwanangu, chini ya magunia yale nilikuwa na jora zima la bafta, nimemwahidi mfanyabiashara mmoja wa Bukene kwa matairi mawili mapya ya baiskeli. Moja alikwisha kunipa, nami nilikwisha kulifunga, na baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba ya msiba. Mdomo wangu, kwa mazoea, ukatangulia.

"Haijaja," nikasema.

Nilisema hivyo juu ya mjomba aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Kisha nikakaa mkekani nikitafuta uongo wa pili, wa kuniwezesha kukata kipande bila kuulizwa kimetoka wapi. Kabla sijaupata, Bi Tatu akatokea chumbani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, bakora yake mkononi, anakohoa kikohozi kilekile cha mjomba. Akanijia pale nilipokuwa nimeketi, akasema kwa sauti ya mjomba:

"Mpwa wangu, nimefika huko, nimerudishwa mlangoni. Wameniuliza, wewe mzee, mbona umekuja na kikoi? Nikawaambia mpwa wangu ndiye muuza duka. Wakasema, basi rudi, mwambie akupe ile ya chini ya unga."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mama yangu, dada wa marehemu, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Nikaanza kukana, lakini Bi Tatu alikwisha kuinama na kuchomoa funguo kiunoni mwangu kama anayechuma pilipili. Akamgeukia Bwana Biashara, aliyekuwa amekuja kuhani na kuketi pembeni.

"Mimi mtani nachukua, ila kufungua duka la watu sina amri," akamwambia. "Wewe serikali una amri, ila hujui pa kufunua. Twende wote, baba, maiti anangoja."

Wakatoka. Bwana Biashara mbele, Maalim Saidi na wazee wanne wa chama wakifuata ili wawe mashahidi, Bi Tatu bado yumo ndani ya kanzu ya mjomba, na mimi nyuma nasukuma baiskeli, wala sijui niliichukua ya nini. Magunia yakaondolewa. Likatoka jora, ikatoka sukari, zikatoka sabuni za mche, likatoka na debe la asali ya Ipole. Bi Tatu akaionja kwa kidole, akatangaza kwamba marehemu ameridhika. Maalim akanunua bafta palepale kwa bei halali, sanda ikakatwa, na mjomba akazikwa kwa wakati na kwa heshima yake.

Jioni mama aliniuliza swali moja tu.

"Ungemwacha kaka yangu azikwe na kikoi?"

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka kwamba niliposema haijaja sikuwa nimesita hata kidogo. Nililia kuliko nilivyomlilia mjomba, na hata sasa nikisimulia naona haya.

Kesi ilikwenda mahakamani, nikafungwa miezi michache. Niliporudi, ufunguo hakunipa mtu, na walifanya vyema. Bwana Biashara na chama cha kuzikana walikuwa wamekubaliana. Lori likifika, serikali inaleta hati ya mzigo, chama kinaleta watu, na mzigo unasomwa barazani mchana kweupe kabla duka halijafunguliwa. Msomaji nikateuliwa mimi, kwa mapendekezo ya Bi Tatu. Ninasoma, naye anarudia kwa wasiosikia vizuri, akiongeza ya kwake: bafta majora manne, nayo leo hayakulala chini ya unga. Na siku Bwana Biashara alipobeba mfuko wa sukari kabla haujasomwa, labda kwa kusahau, Bi Tatu alimvua kofia, akaivaa, akatembea kama yeye kuzunguka lori. Mfuko ukarudi. Ninamsifu yule bwana, kwani alicheka na wiki iliyofuata akaja tena.

Basi nakuusia, mwanangu. Serikali peke yake ilikuja mara tatu ikaona viberiti. Sisi peke yetu tuliyajua yote, tukanyamaza tukingoja zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukishika ufunguo wa watu, ufungue mchana wakiona. Ukiwa katika chama, shikana mkono na serikali, lakini chai ya ofisini isikufunge mdomo. Na anayekuumbua mbele ya watu usimchukie, huenda anamwepusha mama yako na aibu kubwa zaidi.

Mungu akujaalie mtani asiyekuogopa, na akujaalie serikali isiyomwogopa mtani wako. Amina.