Neno Lisilotamkwa Ghalani

Walimwita Polepole kwa jinsi alivyobeba makombora. Kwa miaka ishirini na miwili aliyafuta kutu, akayapaka grisi na kuyarudisha kwenye makasha kama mtu anayemlaza kichanga aliyegoma kulala. Mkewe alisema sahani za nyumbani hazijawahi kuonewa huruma namna hiyo.

Langoni mwa ghala la silaha palikuwa na ubao: SIKU BILA KING'ORA. Kila asubuhi Polepole aliifuta hesabu ya jana, akaandika ya leo. Siri ya ubao ule ilikuwa neno moja. Ndani ya uzio hakuna aliyetamka "moto" ila panapowaka kweli. Chai ilikuwa ya joto, na fundi mkali alikuwa na hasira za joto. Anayelisikia neno hilo avute king'ora kwanza, aulize baadaye.

Ijumaa Polepole angestaafu, na aliomba jambo moja tu: auache ubao ukiwa mzima.

Alhamisi mchana mkewe alifika na bakuli la maharage. Mlinzi, aliyeanza kazi Jumatatu, alipiga simu ghalani.

"Mzee, mama yupo langoni."

"Mwambie asubiri, nafunga kasha."

Mama akaisogelea simu. "Kasha, kasha. Njoo ule, baba, ungali moto huu mchuzi."

Mlinzi akavuta.

Watu arobaini walitimua mbio kwenda handakini. Polepole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, aliwapita mafundi wawili.

"Moto uko wapi?" kamanda aliuliza.

"Kwenye bakuli, afande," mlinzi akajibu.

Polepole alitoa kitambaa mfukoni, akaenda taratibu kuufuta ubao. Sheria ni sheria.

"Acha hiyo," kamanda alisema, akitazama saa yake. "Dakika tatu. Zoezi la mwaka lilikuwa wiki ijayo, basi tumeshalifanya. Zoezi halivunji hesabu."

Kwenye daftari, mbele ya "Aliyeamuru zoezi", akaandika: *Mke wa mtunza ghala.*

Mama hakujali cheo. Alikuwa akimtazama mumewe kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe mbio unazo. Miaka yote hii nikikutuma dukani unarudi duka limefungwa. Jumamosi tutaonana."

Polepole alifunua bakuli. Mchuzi ulikuwa umeshapoa.

"Mzee," mlinzi alisema, mikono akiwa ameificha mgongoni, "nikakupashie... joto?"