Kofia Chini ya Mkeka

Fuatino alikuwa na sauti. Tuanzie hapo, maana hata kazi ya uaskari magereza aliipata kwa sauti. Siku ya usaili aliambiwa awaite wafungwa waliokuwa wakipalilia magimbi upande wa pili wa shamba. Akawaita, na pamoja nao wakaja watu wengine waliokuwa wakipita zao barabarani. Akaandikwa kazi papo hapo. Tangu hapo mji wetu wote wa Apia, hapa Samoa, unamjua, na wapo wanaume waliotoka jela zamani ambao wakisikia kicheko chake sokoni bado wanasimama wima na kuficha sigara.

Jambo moja lilikuwa likimchemsha damu. Mkuu wa gereza, mtu mzuri tu ila mpenda kufuli, alikuwa na msemo wake kwamba jela ipo ili waovu wakae ndani na wema wakae nje.

"Hiyo sasa si jela, afande, ni ghala," Fuatino alimjibu mbele ya watu. "Na wanadamu si magunia ya mbata!"

Kwa Fuatino, mfungwa analetwa ili siku moja arudi kwao, na asipoweza kurudi, basi kufunga na kufungua kote kule ni bure. Ndiyo maana habari ya Pesamino ilimkosesha raha.

Pesamino aliingia jela hana hata ndevu. Baada ya mechi ya kriketi kijijini kwao Vailuafe, kisiwani Savaii, palizuka ugomvi. Akampiga kijana mwenzake, Lautafi, kwa rungu la kuchezea, mara moja tu, na Lautafi hakuamka. Kwetu kosa kama hilo halingoji mahakama. Kabla jua halijachomoza, ukoo wa mkosaji huenda mbele ya nyumba ya wafiwa, wakakaa chini wameinama, wamejifunika mkeka wa heshima, ule laini unaosukwa kwa miezi. Wafiwa wakiufunua, wamesamehe. Wasipoufunua, mawe wanayo na mapanga wanayo, na aliye chini ya mkeka hainui mkono. Lakini ukoo wa Pesamino uliogopa. Alfajiri ile, badala ya kwenda na mkeka, walikwenda bandarini na masanduku.

Aibu iliyoje! Kijiji kikawafuta. Sasa bodi ya parole ilikuwa tayari kumwachia Pesamino, mradi kijiji kimpokee, na kijiji kilisema kitampokea siku Moelagi, mama wa marehemu, atakapokubali. Moelagi alikuwa kimya miaka yote hiyo.

"Basi twende tukainame!" Fuatino alisema, akaipiga meza ya mkuu hadi kikombe kikaruka. "Wamechelewa, sawa. Lakini mkeka upo na magoti yapo."

Mkuu alikubali kwa shingo upande. "Aende na pingu. Na usimwondolee macho hata dakika moja, Fuatino. Akikimbia, utalala wewe kwenye selo yake."

"Godoro lake zuri kuliko langu," Fuatino akasema, akatoka mbio kutafuta dereva wa karandinga kabla mkubwa hajabadili mawazo.

Katika ukoo mzima wa Pesamino aliyepatikana ni shangazi, Lepeka, bibi wa mgongo uliopinda, ambaye mkeka wake ulikuwa umekunjwa sandukuni ukingoja kumfunika siku ya mazishi yake. "Utanifunika nikiwa hai, ndiyo vizuri zaidi," alisema. Jumamosi wakavuka kwa meli, wakalala kituo cha polisi cha jirani. Jumapili, giza bado halijaondoka, walikuwa uwanjani kwa Moelagi, na moyo wa Fuatino ulikuwa ukidunda kwa hofu na furaha pamoja, hajui ipi ni ipi.

Bibi alishaketi. Pesamino naye alikuwa anapiga magoti, na pingu zikalia.

"Simama kwanza," Fuatino alinong'ona.

"Kuna nini, afande?"

"Ukiinama na hizi, ni mimi niliyekuleta. Nataka uwe umekuja mwenyewe." Akazifungua, akazitia mfukoni. "Ukikimbia nitakuua kwa mikono yangu."

"Nikimbilie wapi, afande? Kwetu si ndiyo hapa."

Mkeka ukawafunika. Hapo Fuatino akakumbuka amri. Asimwondolee macho! Na sasa alikuwa akitazama mkeka tu. Alifikiri kidogo, kidogo sana, kisha akainua upindo akaingia mle, na sare yake, na kofia yake.

Joto! Mkeka ulinuka mafuta ya nazi na vidonge vya kufukuza wadudu. Bibi alikuwa akisali chini kwa chini. Jogoo akawika, mlango ukalia, miguu ikaanza kujaa uwanjani. Kupitia ufa Fuatino aliona miguu mikubwa ya mwanamume na ncha ya panga.

"Mama, toka uone!" Ilikuwa sauti ya Tavita, kaka wa marehemu. "Jamaa zetu wameamka leo! Miaka yote walikuwa wanausuka huo mkeka?"

Vijana wakacheka. Jiwe likaja, likamgonga Fuatino begani, akaona nyota. Sauti ile, ambayo ingewatawanya wote hadi ufukweni, ilimpanda kooni. Akaimeza. Hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo maishani mwake.

"Nani amerusha?" Sauti ya mwanamke, kavu. "Hapa ni uwanja wangu au wenu?"

Hatua ndogo zikauzunguka mkeka, zikauzunguka tena. Fuatino alimshika Pesamino mkono, ule ule alioufungua. Kisha mwanga ukawamwagikia wote watatu, na bibi Lepeka akaangua kilio cha furaha.

Moelagi alisimama na upindo wa mkeka mkononi, mwanamke mdogo, mvi tupu. Alimtazama bibi, akamtazama kijana kwa muda mrefu. Halafu akaiona kofia.

"Na wewe, mwenye kofia, umeua nani?"

"Sijaua mtu, Mama. Mimi ndiye mwenye funguo zake."

"Mwenye funguo! Sasa chini ya mkeka unatafuta nini?"

"Funguo zangu zote haziingii kwenye mlango wako, Mama."

Moelagi alikunja mkeka taratibu, akamrudishia bibi mapajani, akamgeukia Pesamino.

"Unajua kupika kwa mawe ya moto?"

"Najua, Mama. Afande alitufundisha. Kila Jumapili tunawapikia wenzetu."

"Lautafi ndiye aliyekuwa anawasha moto wa mawe," Moelagi alisema. "Kaka yake huyu hata makumbi ya nazi yanamshinda." Vijana wakataka kucheka, wakajizuia. "Tangu siku ile, Jumapili kwangu hakuna moshi. Majirani wananiletea sahani kama mgonjwa. Nimechoka na sahani za watu." "Leo ni Jumapili. Mawe yako nyuma ya nyumba. Na Jumapili ijayo yatakuwa hapo hapo, na nyingine, mpaka nife. Hiyo ndiyo hukumu yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," Pesamino alisema, machozi yakimtiririka wazi.

Aliinuka, akatazama huku na huku. Mashelisheli yalikuwa juu mtini, majani ya migomba ya kufunikia yalikuwa bado hayajakatwa, na mikono yake ilikuwa mitupu. Tavita alimwona. Alisimama pale na panga lake, taya limekaza. Fuatino akatia mkono mfukoni penye pingu.

Tavita akaligeuza panga, akampa, mpini mbele.

Kwa mara ya kwanza tangu avae sare ile, Fuatino akampa mfungwa mgongo. Akaketi barazani kando ya Moelagi, akavua kofia, na wote wawili wakakaa wanangoja moshi.