Ijumaa Mtungi Ulipokuwa Mkavu

Kila alfajiri Mwamini alijaza mtungi wa udhu mlangoni mwa msikiti wa Rumonge, kisha akaufunika kwa kibuyu ili vumbi lisiingie. Hakuna aliyemtuma. Aliachwa huru kutoka utumwani akiwa mtu mzima, na kazi hiyo aliichagua mwenyewe.

Njiani kwenda ziwani alizoeana na Bukuru, mkulima wa Gatete aliyeshurutishwa na Wadachi, wale Wajerumani watawala, kufyeka vichaka vya mbung'o. Hakuwa Mwislamu. "Amahoro, mama," alikuwa akimsalimu kwa Kirundi, akimsaidia kujitwika maji. Alhamisi moja Bukuru alianguka kwa homa. Akachapwa kiboko ili ainuke, hakuinuka. Msimamizi wa kazi akaamuru maiti aachwe kando ya njia, asiguswe, wavivu wajifunze.

Mwamini akaenda kwa imamu, Mwalimu Nasoro.

"Twende kwa msimamizi tukaombe tupewe yule maiti, mwalimu. Wewe atakusikiliza."

"Si wetu, Mwamini. Nitamsomea nini?"

"Hataki kusomewa. Anataka shimo."

"Na wakitupatia mapanga tukafyeke sisi? Tutaomba dua."

Waliomba kweli. Jioni ile dhikri ilivuma mpaka ziwani, wanaume bega kwa bega, waungwana na waliokuwa watumwa, wakimlilia Mungu awaondolee dhuluma. Mwamini aliwasikia akiwa uani kwake, akisaga meno. Waliweza kulia hivyo, na hatua chache za kwenda kwa msimamizi zikawashinda.

Ijumaa hakuchota. Saa ya swala watu wakauinamisha mtungi: mkavu.

"Mama Mwamini, maji iko wapi?" akauliza Hadji, muuza chumvi.

"Iko mu ziwa."

"Umezeeka leo leo?"

"Mimi ndiyo. Miguu yenu mizima, nendeni."

Njia ya ziwani ilikuwa ile moja tu. Alidhani wakimwona Bukuru wataona haya. Walimwona. Wakapita mmoja mmoja, wameziba pua kwa ncha za vilemba, wakatawadha, wakarudi kwa njia ile ile, Hadji akilalamika kwamba matope yamemharibia kanzu. Wakaswali. Hotuba ilihusu subira.

Mmoja hakurudi nao: Amisi, fundi wa mitumbwi. Mwamini alimkuta akichimba kwa tezo yake ya kuchongea, chombo kisichofaa kabisa kwa udongo, akigeuka kila mara kutazama kama msimamizi anakuja. Mwamini alipiga magoti, akaanza kuzoa udongo kwa kibuyu cha msikiti.

Jioni Mwalimu Nasoro alikuja kumwambia Mwamini kwamba ameivunjia heshima nyumba ya Mungu. Juu ya Bukuru hakuuliza kitu. Biasha, mkwe wa Mwamini, alikuwa akianua ndagala, dagaa wa ziwani, pembeni. Alingoja mwalimu aondoke.

"Mama, kesho utawajazia tena?"

"Nitajaza. Amisi naye anaswali."