Pamba Juu ya Injini

Gari la baba liliweza kukimbia. Kilichokuwa kinalishinda ni kwenda polepole. Ukilikanyagia mafuta kwenye barabara ya Musoma, lilikata upepo mpaka wenye magari mapya wakageuza shingo. Lakini likifika mahali pa kusubiri, kwenye mzunguko wa mjini au nyuma ya kundi la ng'ombe wanaovuka, injini ilianza kutetemeka. Mlio ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, halafu kimya. Mlio wa gari lililosimama bila kuzimwa mafundi wanauita sailensi, na gari letu halikuwa nayo. Baba aliwasha upya huku akitazama mbele kana kwamba hakuna kilichotokea, na sisi tuliokaa nyuma tulijifanya tunatafuta kitu sakafuni.

Lilikuwa gari la Kifaransa, la rangi ya maziwa, refu, lenye nafasi kubwa ya mizigo nyuma, na lilinizidi umri. Baba alilipata zamani, alipokuwa dereva wa malori ya kiwanda cha kuchambua pamba. Injini yake ya asili ilikufa miaka ya uhaba, wakati hata plagi ilibidi uipate kwa kujuana, likakaa uani chini ya turubai mpaka kuku wakalifanya mahali pa kutagia. Kisha mambo yakafunguliwa. Mitumba ikaingia, kwanza ya nguo, halafu ya friji, halafu ya injini. Injini za Kijapani zikawa zinarundikwa kando ya barabara kama viazi. Baba alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, na kiinua mgongo chake, ambacho mama alikuwa amekipangia bati za nyumba, kikaja nyumbani kikiwa injini.

Fundi mmoja wa Buzuruga aliifunga. Alikata, akachomelea, akapiga nyundo, na Mfaransa akapata moyo wa Kijapani. Shida ilikuwa kwamba ile injini ilikuja na mipira mingi myembamba, myeusi, iliyopindana juu yake kama utumbo wa mbuzi kwenye beseni. Baba aliuliza ni ya nini. Fundi akamjibu kwamba hayo ni mambo ya Wajapani ya kusafisha moshi, na kwamba hewa ya Mwanza ina ziwa zima la kuisafisha. Mingine akaing'oa, mingine akaiunganisha popote palipokuwa na kidomo cha kuingia, na iliyobaki akaiziba kwa misumari, boliti, vipande vya tyubu ya baiskeli, na mmoja kwa kifuniko cha kalamu yangu ya shule. Nilikuja kuambiwa kwamba magari ya aina ile hubandikwa mchoro wa mipira hiyo ndani ya boneti. Boneti ya injini yetu ilibaki Japani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipochumbiwa.

Siku ambayo tarehe ya harusi ilitajwa, baba alisema jambo moja tu: atanipeleka kanisani yeye mwenyewe, kwa gari lake. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, maana nilizijua harusi za kwetu. Matarumbeta yangekuja kunichukua nyumbani Kiseke. Bendi ingetangulia juu ya pikapu, shangazi na majirani wakitembea na kucheza pembeni, na gari la bibi harusi lingefuata nyuma kwa mwendo wa miguu ya watu wazima, njia nzima, mpaka mlangoni pa kanisa. Kwa gari linalozimika likipunguza mwendo, huo si msafara, ni aibu inayotembea. Na breki zake zilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, kwa hiyo hata hila ya kushikilia mafuta kwa mguu mmoja na breki kwa mwingine isingefaa. Baba angeweza kuwagonga shangazi zangu.

Kamati iliona hivyo hivyo. Mwenyekiti wake alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, mtu mpole anayezunguka mbuyu saa nzima kabla ya kusema neno. Alikuja jioni moja, tukamwamkia, akanywa chai, akasifu chai, akauliza habari za ndugu wa Sengerema ambao wangevuka kwa kivuko. Ndipo akasema kwamba upande wa mwanaume umejitolea gari jipya lenye dereva, na kwamba baba angepumzika kiti cha nyuma na mwanawe kama mheshimiwa. Baba alisema amesikia. Baba mkubwa alipoondoka, baba aliendelea kukaa na kikombe kilichokwisha chai mkononi.

Mimi sina subira na ukimya wa wanaume. Nilimwambia kwamba kama analitaka jambo aseme, na kama halitaki aseme. Mama alinikata jicho. Baba akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "kutoka kanisani utaondoka na watu wengine. Njia ya kwenda ni ya kwangu."

Kesho yake alifungua boneti na kuanza kung'oa misumari.

Alifanya kazi hiyo kwa siku nyingi, na sitasema uongo, mwanzoni ilikuwa inaniudhi. Kila nikitoka kujaribu gauni namkuta ameinama palepale, fulana imelowa, akihamisha mpira huu kutoka hapa kwenda pale. Gari likawa baya zaidi, halafu likarudi kwenye ubaya wake wa kawaida. Fundi wa Buzuruga alipita, akatazama, akamshauri kwa nia njema kabisa arudishe misumari. Baba alimshukuru. Kamati ilikuwa inataka jibu kabla ya Jumapili, na hadi Ijumaa mchana hakuwa na jibu.

Mchana huo mama alikuwa uani anashindilia mito yangu. Kwake msichana hakutoka nyumbani bila mito iliyojazwa na mama yake, hata kama mume ana godoro la dukani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na rundo la pamba iliyochambuliwa, akiinyambua na kuisukuma ndani ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimetumwa kumwita baba aje kujaribu suti. Alikuwa amekaza skrubu ya kabureta ili injini ipige resi yenyewe bila mguu wa mtu, na ilikuwa inanguruma kwa hasira. Ilinibidi nisogee karibu ili anisikie.

Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, kama kawaida yake alasiri. Ukanyanyua kipande cha pamba kutoka kwenye mkeka wa mama, kidogo tu, chepesi, kikaelea juu ya ua na kuingia chini ya boneti. Nilitegemea feni ikitupe huko. Hakikutupwa. Kilipita juu ya mipira, kikasita, kisha kikashuka ghafla na kujibandika upande wa chini wa mpira mnene, ule unaokwenda kwenye bakuli la kusaidia breki. Kikabaki pale kinatetemeka.

Nilinyoosha mkono kukitoa. Baba akanishika kiganja.

Alikuwa anakitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia. Kiwandani, alinieleza baadaye, pamba ilinyonywa kutoka kwenye malori kwa bomba kubwa, na bomba likipasuka mahali, mnyonyo unapungua na pamba inadondoka njiani. Ufa wenyewe haukuonekana kwa macho. Walichofanya ni kurusha nyuzi za pamba kando ya bomba na kutazama zinakimbilia wapi. Alikuwa amelifanya jambo hilo maisha yake yote ya ujana, na halikuwahi kumjia kwamba injini nayo inanyonya.

Aliupindua ule mpira. Upande wa chini, ambao hakuna aliyewahi kuuangalia, ulikuwa na ufa mrefu kama kucha. Breki ngumu ya miaka yote ilikuwa imelala pale: mnyonyo wa kuzilainisha ulikuwa unavujia njiani.

Mama aliitwa, akaja na pamba kwenye upindo wa kanga. Suti ilisahauliwa. Baba alivuta uzi mmoja mmoja, akaushika kwa ncha za vidole na kuupitisha polepole juu ya kila kiungo, kila kidomo, kila boliti la fundi. Mahali pengi uzi ulining'inia tu. Kisha ungefika mahali, ukajinyoosha wenyewe na kuelekea kwenye chuma, na sisi watatu tukasogeza vichwa. Nilikuwa nimesoma mpaka chuo cha ualimu, na nilikuwa nimefundisha watoto kwamba hewa ipo ingawa haionekani. Nililisema hilo ubaoni kama mtu anayesoma orodha ya vituo. Sasa niliiona ikitembea.

Baba aling'oa mpira mmoja mwembamba na kuniambia niweke kidole kwenye kidomo chake. Nikaweka. Injini ikanishika. Haikuuma, haikuchoma, ilinivuta tu ncha ya kidole kwa nguvu ya taratibu isiyochoka, na nilipotaka kukitoa ilibidi nikiombe. Ndani mle hamkuwa na kitu. Ndicho nilichokuwa nashindwa kukielewa. Kile kilichokuwa kinanivuta kilikuwa ni upungufu. Mama naye aliweka kidole chake, akakitoa haraka, akakitazama, akakirudisha. Akasema taratibu, "Kumbe inapumua."

Kilichobaki kilikuwa kujua mpira gani unastahili pumzi ipi, kwa sababu si vidomo vyote vilivyonyonya sawasawa. Baba alirudisha skrubu karibu na mahali pake ili injini itulie kadiri inavyoweza, akagundua kwamba kuna kidomo kinachovuta wakati wote, na kingine kilicholala gari likisimama na kuamka ukikanyaga mafuta. Fundi alikuwa ameviona vinafanana. Kwenye kile kinachovuta wakati wote alikuwa amechomeka mpira wa kibakuli kidogo kilichokaa karibu na ekzosi. Baba alikifuatilia kwa kidole na kuelewa kazi yake: kikivutwa kinafungua njia, na sehemu ya moshi inarudi ndani ya injini kuchomwa mara ya pili. Wajapani walitaka hivyo wakati gari linakimbia, lina nguvu ya kuumudu. Letu lilikuwa linalishwa moshi wake wakati limesimama, halina pumzi ya ziada. Miaka yote lilikuwa linakabwa koo.

Akahamisha ule mpira kwenye kidomo kinacholala.

Mlio ulipanda mara moja, kisha haukushuka. Ulikaa. Baba alilegeza skrubu kidogo, mlio ukashuka nayo. Akalegeza tena. Injini iliendelea chini, chini, mpaka ikawa inanong'ona, na glasi ya maji aliyoletewa na mama, iliyokuwa juu ya mdomo wa gari, haikutikisika. Nililia, sijui kwa nini, nikasema ni moshi.

Alibadilisha mpira wa breki kwa kipande kizima alichokinunua mjini, akaziba vidomo visivyo na kazi kwa vifuniko halisi, na kifuniko cha kalamu yangu akakitia mfukoni. Jumamosi asubuhi alimwomba mama amtangulie barabarani. Mama aliuliza atangulie kwenda wapi. Popote, baba alisema, ila atembee kama anakwenda harusini. Basi mama alijifunga kanga vizuri na kushika njia ya vumbi ya Kiseke, kwa hatua za mtu anayejua anatazamwa, na gari la rangi ya maziwa likamfuata hatua tano nyuma. Aliposimama kusalimiana na jirani, nalo likasimama. Jirani alipouliza habari za watoto na za mifugo, na mama akazijibu zote kwa ukamilifu, gari liliendelea kusubiri huku likinong'ona. Baba mkubwa aliyaona hayo kutoka mlangoni kwake. Hakuja kuulizia jibu.

Siku yenyewe sikumbuki nyimbo zilizopigwa. Nakumbuka mgongo wa suti ya baba na mikono yake miwili juu ya usukani. Nakumbuka shangazi wakirudi nyuma kwa kucheza mpaka karibu na bampa, na mguu wa baba ukigusa breki kwa wepesi, na gari likitii. Tulikwenda hivyo mpaka kanisani Buzuruga, polepole kuliko ng'ombe, na halikuzimika hata mara moja.

Mlangoni pa kanisa bendi ilimaliza, watu wakaanza kuingia. Tulibaki wawili ndani ya gari. Katika utulivu ule tuliisikia sailensi, ndogo, sawa, isiyo na haraka. Baba alishika ufunguo lakini hakuugeuza. Baba mkubwa alikuja, akagonga kioo kwa kidole, akaondoka.

"Lilipokuwa bovu lilikuwa linazimika lenyewe," baba alisema bila kugeuka. "Sasa inabidi nilizime mimi."

Nilisogea mbele nikaweka mkono begani kwake. Tulisikiliza kidogo tena. Kisha akageuza ufunguo, akashuka, akazunguka upande wangu na kunifungulia mlango.